Mrija Mmoja na Kofia ya Kapita

Mwanangu Melkiori,

Naanza na habari njema: shati lako jeupe limekauka, na kola nimeinyoosha kwa pasi ya jirani, kwa sababu pasi yangu imeshachoma mashati mawili na sikutaka ihesabu la tatu. Habari nyingine za safari hutazikuta humu. Namna ya kufunga sanduku, nani wa kumsalimia Albertville, usilale upande gani wa meli, hayo nimeyasema tangu Jumatatu mpaka umeanza kunijibu "ndiyo, Mama" kabla sijafungua mdomo. Barua hii ina jambo moja. Sikuweza kulisema, maana mdomo wangu ndio wenye kosa, na mdomo wenye kosa hujitetea. Mkono hauna ujanja huo.

Weye umekwenda mtaa wa Songo kuaga watu. Mimi nimekaa mlangoni, na kibao cha kukatia samaki ndiyo meza yangu, kwa hiyo ukisikia harufu usidhani ni maneno. Jua letu la Uvira unalijua linavyowahi kujificha nyuma ya mlima. Nitaandika kwa haraka. Sista aliyenifundisha kuandika, nikiwa mama mzima wa miaka thelathini na sita, alisema herufi zangu zinatembea kama kuku waliomwagiwa maji. Wafuate hivyohivyo, hawaendi mbali.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, ninyi watatu mlikaa nyuma ya nyumba: weye, Anselmi wa Zakaria, na Tito wa Lukasi. Watatu mliozaliwa kwenye mstari mmoja wa mashamba kule Katogota, na sasa mmechukuliwa pamoja kwenda kujifunza kazi ya reli. Mlikuwa na sigara moja. Ndiyo, niliiona. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta nikigeuza visamaki vyangu vya ndagala juani, na ukuta wetu unajua ulivyo, una matundu kuliko matofali.

Tito akasema, "Batu banasema Gaspari iko kule Albertville, bandarini. Anasimamia wapagazi. Amenenepa."

Anselmi akavuta sigara. "Minye nikimuona, nitamutemea mate kwenye viatu."

Sigara ikaenda kwa Tito. "Mate! Weye kateme mate yako. Minye nitamupiga kofi mbele ya wapagazi yake bote."

Ikaja kwako. Ukavuta, ukakohoa kama mbuzi, kisha ukasema, "Kofi moja haitoshe. Alimulalisha baba yangu chini. Naye alale chini."

Ikarudi kwa Anselmi. Anselmi, Melki! Yule anayezunguka njia nzima asikutane na bata wa masista! Akasema, "Tumungojee pale gatini, saa ya magharibi, batu bakiisha kwenda. Hajui kuogelea."

"Mumoja akamate miguu, mumoja mikono," akasema Tito.

Na weye ukasema, "Sawa."

Sigara ilikuwa haijaisha. Mlianza na mate mkafika kwenye mtu kutupwa majini, na sigara ileile bado inawaka.

Sikutoka kuwakemea. Nilisimama na ndagala mkononi mpaka jasho langu likazilowesha upya, kwa sababu sauti nilizozisikia hazikuwa zenu. Zilikuwa za baba zenu, neno kwa neno, na nilijua linalofuata.

Usiniogope, sitakuambia umsamehe Gaspari. Mimi mwenyewe sijamsamehe, na sina mpango. Kila jioni nasali, na nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nakohoa. Padri anadhani nina kifua kibovu, amenipa hata dawa. Namwombea Gaspari maisha marefu, marefu sana, yenye meno mabovu na magoti yanayokataa ngazi. Namwombea mke mwenye kumbukumbu nzuri. Namwombea akae kwenye kivuli, na mtu apite, asimwamkie. Ukiniuliza leo kama chuki yangu imezeeka, nitakuambia inatembea bila fimbo.

Sasa sikia yale usiyoyajua.

Hadithi inayosimuliwa hapa mtaani kwetu Mulongwe ni kwamba Gaspari, kapita aliyetusimamia kwenye pamba, alimpiga baba yako. Baba yako akachoma hangari ya pamba. Serikali ikamhamisha mbali, akafa huko. Yote ni kweli. Lakini wamekupa samaki waliyemtoa miiba, na miiba yote nilibaki nayo mimi.

Ulikuwa na miaka kumi. Kumbuka kwamba tulilazimishwa kulima pamba kwenye mstari uliopimwa na mzungu wa kilimo, na katikati ya pamba hukuruhusiwa kupanda hata kiazi. Baba yako alipanda muhogo, vichaka sita tu, kwa ajili yako, kwa sababu ulikuwa mtoto wa kula. Gaspari akauona. Akaung'oa kwa mkono wake, mizizi ikiwa haijatimiza unene wa kidole, akamwamuru baba yako alale kifudifudi kati ya matuta. Fimbo ikaanza. Weye ulikimbilia kwa Zakaria, kwa hiyo hukuona mambo ya mwisho. Jua lilikuwa kali na kofia yake ya kapita, ile nyeupe yenye ukingo, ilikuwa inamwangukia machoni kila akipiga. Akaivua. Akaninyooshea.

"Mama, nishikie. Usiichafue."

Nami nikaishika, Melki. Kwa mikono miwili. Niliishika mbali na nguo yangu, kwa sababu nilikuwa na udongo, nisije nikaichafua. Yeye anahesabu kwa sauti, baba yako anauma majani, na mimi nimesimama kama mtu anayebeba mkate wa sakramenti. Alipomaliza nikampa. Akaniambia, "Aksanti," naye ni mtu aliyefundishwa adabu.

Fimbo baba yako angezisahau baada ya mwezi. Ile "aksanti" mimi bado naisikia.

Kwa hiyo nami nilitaka kisasi, na nilikijua kipimo chake. Nilitaka upupu. Unaota mwingi kule kando ya Ruzizi. Nilitaka kuutia ndani ya kofia ile, kwenye ngozi ya kuzunguka kichwa, asubuhi ya siku ambayo mzungu angekuja kukagua. Nilimwona moyoni akijikuna mbele ya watu, akivua, akivaa, akijikuna, akilia machozi, na mimi nimesimama karibu nikimwambia, "Kapita, nikushikie?" Kwa siku tatu nilicheka peke yangu jikoni. Kilikuwa kisasi kizuri, na hakikuwa na damu.

Jumapili yake alasiri wanaume wakaja kwetu: Zakaria, na Lukasi mfupi. Nilikuwa nimepika pombe ya mtama. Desturi ya mstari wetu unaikumbuka? Watu wengine kila mmoja ana mrija wake. Sisi, kwa kuwa tulikuwa wageni waliokutanishwa kwenye mashamba ya pamba, tulikuwa na mrija mmoja, ili asiwepo wa kunyamaza kama mtu wa mbali. Unaupokea, unasema neno lako juu ya shauri lililopo, ndipo unavuta, halafu unampa jirani. Asiyesema havuti. Tuliona ni desturi nzuri ya undugu. Ubaya wake hatukuuona: hakuna mwanaume aliyewahi kuurudisha mrija na neno dogo kuliko lile alilopokea nalo.

Zunguko la kwanza, Zakaria alisema Gaspari asisaidiwe tena kubeba kitu. Lukasi akasema hiyo ni kidogo, avunjiwe baiskeli. Baba yako akasema baiskeli atapewa nyingine. Zunguko la pili, Zakaria akataja nyumba ya Gaspari. Lukasi akasema nyumbani kuna watoto, lakini hangari haina watoto. Mrija ukaja kwa baba yako. Akakaa nao kitambo. Akasema, "Hangari ni kavu." Basi. Maneno mawili matatu, akavuta.

Zunguko la tatu moyo ukawaingia baridi. Zakaria akaupokea mrija, akatazama chini, akasema, "Ndugu zangu, lakini mle ndani iko pamba yetu pia. Labda tungoje kwanza." Lukasi akatikisa kichwa kwa ndiyo. Nilimwona, Melki. Kichwa kilitikisika. Baba yako naye akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kama dunia ingenyamaza kidogo tu wakati ule, leo ungekuwa na baba.

Mimi nilikuwa nimeinama kuongeza maji ya moto kwenye chungu. Mimi mwenye upupu! Mimi ambaye sikuwahi kuwaza moto! Lakini nilikuwa nimekaa pale tangu zunguko la kwanza nikisikiliza, na hasira yangu ilikuwa imepanda ngazi pamoja na zao bila mimi kusema neno. Upupu ukaniaibisha, nikauona ni mchezo wa watoto. Nikamnyang'anya Zakaria mrija, nikacheka, nikasema:

"Basi minye nivute, na ninyi mukaoshe vyungu!"

Walicheka wote. Baba yako alicheka kuliko wengine. Kisha wakasimama.

Sitakuelezea moto. Pamba inawaka upesi na huwezi kuishika. Iliungua pamba ya mstari mzima, jasho la familia kumi na tisa, pamoja na ule mzani wa Gaspari uliokuwa ukitudanganya, ambao mzungu alikuwa ameahidi kuja kuukagua. Tulimchomea ushahidi wa wizi wake sisi wenyewe. Angetulipa tufanye kazi ile, asingepata iliyo safi namna hiyo.

Walipokuja askari, baba yako alisema alikuwa peke yake. Zakaria na Lukasi walinyamaza, na siwalaumu, maana mimi nilinyamaza zaidi. Wakampeleka kule wanakopelekwa watu waliofukuzwa kwao. Masika ya pili karatasi ya kifo chake ikafika ofisi ya teritwari, karani akatusomea amesimama, na Gaspari wakati huo alikuwa ameshapandishwa cheo na kuhamishwa. Hiyo ndiyo miiba niliyokuambia. Kwa miaka minane nimemchukia Gaspari kwa mikono miwili. Nilipaswa kuacha mmoja wa kujishika mwenyewe shingo.

Mwaka ule mto Mulongwe ulipoingia ndani ya nyumba, Zakaria alikuja kunisaidia kutoa matope. Tulikuwa wawili tu. Nikamuuliza kitu ambacho sijui kwa nini sikuwahi kukiuliza.

"Zakaria, ile Jumapili, kabla hujashika mrija, weye ulitaka nini?"

Akaegemea jembe. Akacheka, kicheko kibaya. "Mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Nilitaka kufungulia mbuzi yangu baingie mu kabichi za Gaspari. Basi, Mama Melki. Mbuzi. Lakini nilimuona bwana yako mugongo umepasuka, nikasema moyoni, minye nitamuletea huyu muntu habari za kabichi?"

Baada ya mwezi nikampata Lukasi sokoni, peke yake, nikamuuliza vilevile. Akaona haya. Akasema alitaka kuacha kumwamkia Gaspari. Mwaka mzima.

"Lukasi! Weye unayeamkia hata miti?"

"Ndiyo maana ilikuwa adhabu kubwa," akasema, wala hakuwa anatania.

Mbuzi, salamu, na upupu. Hakuna mmoja aliyekuja na moto. Niliutafuta moto ule kwa kila aliyekuwepo, na sikuukuta kwa yeyote. Ulikaa kwenye mrija, Melki. Kila mmoja aliogopa kumpa mwenzake neno dogo, tena kwa heshima, kwa upendo, ili mwenye uchungu asijione peke yake. Na mwenye uchungu akaona wanaume wazima wako tayari kuchoma kwa ajili yake; angewezaje kuwaambia hapana?

Kwa hiyo wiki hii nimekuwa mwizi. Nimewaibia rafiki zako mmoja mmoja.

Jumanne nilimpata Anselmi akipiga rangi sanduku lake. Nikamwambia, "Papa, mwanangu, bila wenzako, unamutakia nini Gaspari?" Kwanza aligeuka kutazama nyuma, sijui kama alikutafuta weye au bata. Kisha akasema, "Mama, hata mate sijui kama itatoka. Nikiona mukubwa kinywa inakauka."

"Na gatini je? Nilisikia ni weye ulisema hajui kuogelea."

Akainamisha kichwa. "Nilisema kwa sababu Tito alikwisha kusema kofi."

Alhamisi nilimfuata Tito mtoni akifua. Tito ana akili, alijua nimekuja kwa nini kabla sijakaa juu ya jiwe. Akasema, "Minye nataka tu aseme kwa mudomo yake kwamba alikosa. Hata kama atasema polepole."

"Na miguu na mikono?"

Akakamua shati lake muda mrefu, lilikuwa halina maji tena. "Melki alikuwa ananiangalia, Mama. Ni baba yake alikufa, siyo wangu. Nikisema neno ndogo, atasema niko upande wa Gaspari."

Umesikia? Hao ndio wauaji wako. Mmoja hana mate, mwingine anangoja kuombwa radhi. Wanakwenda gatini kwa ajili yako, na weye ulisema "sawa" kwa ajili yao, na mtu akishazama, mtafungwa watatu, pengine mtanyongwa, na kila mmoja atasema mbele ya hakimu kwamba hakuwa yeye aliyetaka. Na atakuwa anasema kweli. Mimi nitabaki na karani mwingine, anasoma karatasi nyingine amesimama.

Na nikuambie jambo baya zaidi la mama yako, maana leo sijifichi. Kinachoniudhi siyo hofu peke yake. Ni wivu. Gaspari akitupwa majini magharibi na vijana watatu wanaosukumana, hatajua ni kwa nini. Atadhani ni wezi. Atakufa akiwa mtu mwema aliyeonewa, watamlilia, bandari itafunga kazi nusu siku. Miaka minane nimelisha chuki hii vizuri kuliko nilivyokulisha weye, siyo ili iishie ajali ya gatini! Mimi namtaka anitazame. Namtaka aambiwe jina la Yakobo, baba yako, na vichaka sita vya muhogo, na aishi nalo, alale nalo, aamke nalo. Nikiwa peke yangu najua hasa ninachotaka kwake, na najua pa kusimama. Ningewekwa tena kando ya chungu, sijui ningefika wapi.

Watu wakija kuzungumzia uchungu wako mbele yako, huko uendako, kazini au popote, sisemi usikae nao. Kaa, cheka, vuta sigara yao kama kifua kinaweza, ingawa nilivyokusikia hakiwezi. Ila shauri likishapanda, ondoka ukajisaidie. Simama huko nje peke yako, ujiulize ulikuja na nini.

Baba yako sikumuuliza. Kati ya wote wa siku ile, ndiye peke yake nisiyejua alitaka nini. Alipopokea mrija zunguko la pili akakaa nao kitambo, mimi nilikuwa nyuma yake na nilikuwa naona kisogo tu. Huenda alitaka vichaka sita vingine vya muhogo. Huenda alitaka tuhame. Alikuwa mume wangu, tulilala mkeka mmoja siku zile zote tangu fimbo mpaka Jumapili, na sikumuuliza.

Weye nitakuuliza. Kesho asubuhi Anselmi na Tito watatangulia na mizigo kwa mkokoteni wa Zakaria. Nimeshapatana nao, usishangae. Mimi na weye tutakwenda Kalundu kwenye meli kwa miguu, wawili, kwa njia ya ufukweni. Ni mwendo wa saa nzima na zaidi, na magoti yangu yataongeza. Utaniambia, weye Melkiori mwenyewe, bila Tito kukutazama, bila mimi kucheka, unamtaka nini Gaspari. Liwe kubwa, liwe dogo kama salamu, nitalipokea. Ukihitaji kunyamaza mpaka gatini, nyamaza.

Ikiwa jibu lako ni dogo, nitakupungia mkono na kurudi kwenye ndagala zangu. Ikiwa baada ya njia yote ile bado ni kumuua, sitakubembeleza, wala sitapiga magoti mbele ya abiria. Nitapanda meli pamoja nawe, na huko bandarini utasimama nyuma yangu, maana nilimchukia kabla yako. Furushi langu la nguo liko nyuma ya mlango. Nimeshalifunga.

Mama yako